Wali Uliiva?

Glenys aliniambia tukitoka zamu ya usiku,
akivua glavu kidole kimoja kimoja:
"Mji huu umejaa vitu vilivyofichwa,
nawe unavipita kila siku na mfuko wako wa viazi."
Nikadhani ni usingizi unaongea.

Akanionyesha simu. Hebden Bridge yote kiganjani:
mto, mfereji, reli,
na juu yake vidoto vya kijani,
kama mtu kamwaga choroko akaziacha.
Kila punje ni kasha.
Kuna aliyelificha, kuna atakayelisaka,
na setilaiti huko juu, zisizomjua huyu wala yule,
zinawakutanisha kwa tarakimu.

Masharti ni machache.
Ukilipata, andika jina na tarehe.
Ukichukua kitu, acha kitu, thamani isipungue.
Lirudishe palepale, vilevile.
Na mpita njia asiyejua mchezo asikuone:
akitokea, jifanye unafunga kamba ya kiatu.

Nilifunga kiatu mara tano asubuhi ile.
Mara ya tano mzee mwenye mbwa akaniuliza
kama mguu unaniuma.

Tukapanda mlima nyuma ya stesheni.
Mvua hainyeshi, ila ipo,
imesimama hewani kama mgeni
asiyeonyeshwa kiti.
Kondoo wana rangi ya buluu mgongoni,
wanatutazama wakitafuna.
Mshale unasema mita mia mbili,
mita arobaini,
mita kumi na moja,
kisha unaanza kuzunguka kama kuku anayetaka kutaga.
"Basi," Glenys akasema, "weka simu mfukoni."
Setilaiti hukusindikiza hadi uani;
kubisha hodi ni juu yako.

Aliyelificha ameacha kitendawili.
Tega, nikasema, kwa mazoea tu,
na Glenys, asiyejua neno hilo, akasoma:
"Wameshikana bila udongo wala maji,
mmoja wao kavaa shati nje ndani."

Ukuta. Ukuta wa mawe matupu, bila saruji,
unaopanda kilima na kuteremka upande wa pili.
Tukaupekua kwa macho, maana kuubomoa ni mwiko.
Majani fulani yakanichoma mkono:
sura ya mnanaa, tabia ya upupu.
Nilikwisha kusema turudi, nina njaa,
ndipo nikaliona jiwe
lenye kuvumwani upande wa chini, kwenye kivuli,
na juu limetakata.
Shati nje ndani!
Nilipiga kelele, kondoo wakahama.

Nyuma yake kopo la plastiki, la kubebea chakula.
Penseli fupi kama jino la mtoto.
Gololi mbili. Kifungo cha koti.
Kigari kilichopungua tairi.
Nikachukua gololi, nikaacha ufunguo
wa kufuli lililobaki na kabati langu Morogoro.
Kuhusu thamani, Glenys hakubishana.

Halafu daftari, ndani ya mfuko wa nailoni.
Majina, tarehe, majina,
mtu kachora bundi,
na katikati ya ukurasa, mwandiko umelalia kushoto:

*Nimefika. Baridi inatafuna mifupa.
Nikirudi napika wali wa nazi. Mwanakheri.*

Machi, miaka minne iliyopita.
Nikasoma tena. Nikamsomea Glenys kwa sauti,
naye hakuelewa hata silabi,
akasema, "Huyo alikuwa na njaa, sivyo?"

Mwaka na nusu nimo mji huu
nikinunua nazi ya kopo, nikidhani ni mimi peke yangu.

Nikaomba penseli.
Nafasi ilikuwa ndogo, nikabana herufi:
*Nasi tumefika, wawili. Wali uliiva?*

Tukafunga kopo, tukarudisha jiwe,
shati lake nje ndani kama tulivyolikuta.
Mara ikaja familia nzima na baiskeli.
Sote wawili tukainama haraka kufunga viatu.

Glenys alikuwa kavaa gambuti.