Karata za Boksi la Sabuni

Umeme ulikatika Pasiansi, mvua ikagonga bati,
Minza akalikata boksi la sabuni kwa wembe:
karata thelathini na moja, ya mwisho imepinda.
Akachora sangara, sato, furu, dagaa,
na kamongo mmoja, kwa kuwa wino ulibaki.

"Tunachambua mafungu matatu," akamwambia Shija,
"la kiwanda, la soko, la nyumbani.
Fungu la nyumbani likijaa, umeshinda."
"Na kamongo?"
"Kamongo ana mapafu. Hulala atakako."

Mama akaingia, magamba bado kwenye kiwiko,
akaketi juu ya ndoo, akapewa zake.
Vidole havikumngoja: sangara, kiwandani;
sangara, kiwandani; sato mnene, sokoni.
Nyumbani akatupa furu wawili
na kichwa kitupu alichokichora Shija kwa makosa.

"Mama, umefungwa tena!"
Akacheka, akazichanganya.

Mara ya nne alimshika sangara mkubwa,
akamgeuza, akatazama mlango
kana kwamba msimamizi yuko barazani,
kisha akamlaza nyumbani, taratibu,
na juu yake akamfunika kwa kamongo.