Ji

Alikuja Jumanne, lifti ikiwa imekufa tena,
akapanda ghorofa sita kwa kandambili,
bahasha ya kaki kifuani kama mtoto aliyelala.
Tusajigwe, mjane wa Ambakisye Mwakalinga,
muuza vipuri wa Gerezani.
Nikasema karibu. Nikasema pole.
Tumefundishwa hivyo, kwa mpangilio huo.

Cheti cha kifo, mhuri umekolea.
Ripoti ya polisi, kurasa mbili,
na mstari wa saba neno moja
ambalo koplo aliliandika bila kusita:
amejiua.

Ningekuta ameuawa,
ningesaini kabla ya chai ya saa nne.
Ningekuta ameugua, akafa,
ningesaini nikiwa bado nimesimama.
Herufi mbili tatu, basi.
Milioni thelathini zimeketi juu ya silabi
ambayo mtoto wa chekechea huitamka
akijifunza kusema jino, jicho, jiko.

"Alikuwa anaugua," akasema, kana kwamba amenisoma.
"Tangu Pasaka halali. Anakaa kwenye ngazi za nje,
anahesabu taa za Tabata zinavyozimika.
Nikimwita ndani ananiambia, nakuja."

Nikafungua kifungu cha kumi na nne.
Mkatiwa bima akijiua, awe na akili timamu au la,
ndani ya miezi ishirini na minne
tangu mkataba kuanza au kuhuishwa —
awe nazo au la!
Aliyeandika alifunga mlango wa mbele,
akazunguka, akafunga na wa uani.

"Miaka kumi na mmoja amelipa," akasema.
Ni kweli. Ila mwaka juzi mzigo wake ulikwama bandarini,
ada zikasimama, bima ikalala.
Akarudi, akalipa malimbikizo, tukaihuisha.
Miezi ikaanza kuhesabiwa upya, kutoka moja.
Amefika wa kumi na nne.

"Kuhuishwa ndiyo nini?"
"Kupewa uhai tena, mama."
Akanitazama muda mrefu.
Feni ilikuwa inageuza kurasa ambazo hakuna aliyezigusa.
"Kwa hiyo mlihuisha karatasi."

Najua kwa nini kifungu kipo. Nilikitetea semina, Morogoro,
nikiwa na tai mpya: mtu asije akaona kifo chake
ni duka la kuwaachia watoto.
Wakapiga makofi.
Lakini nakala ya Ambakisye ipo hapa mezani,
kurasa zimeshikana kwa unyevu wa kabati,
nazitenganisha kwa ukucha, mimi wa kwanza.
Kifungu kimeandikwa kumzuia msomaji.
Huyu hakuwa anasoma. Huyu alikuwa anahesabu taa.

Elfu sabini mara kumi na nne:
laki tisa na themanini, hizo anarudishiwa.
Nikampa namba ya msuluhishi wa migogoro ya bima,
nimeiandika kwa mkono wangu, si kwa kompyuta,
sijui kwa nini nilidhani hilo lina tofauti.
Na kwenye fomu, penye chanzo cha kifo,
alikuwa amejaza mwenyewe, kalamu ya bluu, herufi kubwa:
KUUMWA.
Utaratibu unataka nikate mstari,
niandike juu yake neno la koplo.
Sijakata.
Barua ya kukataa nimeitia saini vilevile.

Nikamsindikiza hadi chini, ngazi zote sita,
hata mlinzi akashangaa.
Mtaa wa Samora ulikuwa na jua la kuumiza macho.
Akaihamishia bahasha kwapani, ikawa bahasha tu,
akasogea hatua mbili, akageuka.

"Na wewe, kaka," akasema, "usiku unalala?"

Nikafungua mdomo.
Neno la kwanza lililokuja lilikuwa
najitahidi,
nikaisikia humo ndani, ndogo,
ile ile.