Kona ya Bi Mize

Pale barabara ya Mkoani inapoipa bandari mgongo
na kuanza kupanda, kuna kona.
Ina jina lake kwenye kibao.
Sisi wa magari twaiita Kona ya Bi Mize,
kwani ukuta wa Bi Mize
ndio uliotufunza udereva.

Mara ya kwanza Bedfodi iliula kwa bampa,
mwaka wa mavuno, gunia mia na ishirini za karafuu mgongoni.
Mcha Kombo akalipa mifuko minne ya saruji.
Mara ya pili ilikuwa vuli, na breki za kuombea dua.
Mara ya tatu kosa langu:
nilipiga bodi makofi mawili
nilipotaka kupiga moja.

Moja: simama. Mawili: twende.
Matatu ya haraka: Mcha, umeua kuku.
Hiyo ndiyo lugha niliyosema miaka ishirini na sita
kwa kiganja hiki. Kishike, kigumu kama kifuu.

Kwa saruji yetu Bi Mize alijenga baraza,
choo, na nusu ya chumba cha mjukuu.
Alikuwa na daftari. Alituandika kwa tarehe.

Nyuma ya gari, kwenye ubao, rangi nyekundu:

*Nina mzigo mzito, usinipigie honi,*
*nina mke na watoto, una haraka ya nini.*

Wakati huo Mcha hata posa hajapeleka.

Babu yangu alikuwa na gari la ng'ombe.
Bedfodi ilipokuja alicheka: hii itakula nini?
Ikala kazi yake.
Sikumcheka yeye. Nilikuwa juu ya gunia,
napunga mkono.

Basi Alkhamisi moja usiku meli ikafungua mdomo
likatoka tela
refu kama nyumba nne za kwetu zilizoshikana mikono.
Ekseli ya mwisho ina akili yake:
kichwa kikikata kulia,
mkia wajua wenyewe pa kupita.
Kamera sita, na kioo mbele ya dereva
chamwonesha hata paka chini ya gurudumu.
Dereva kijana, Idarusi, shati limepigwa pasi.
Nikamuuliza, na utingo?
Akanijibu kwa adabu, hilo silimnyimi:
"Kiti kipo, mzee. Kazi ndiyo hamna."

Wapagazi walikaa juu ya mikokoteni yao.
Kontena halifunguliwi hapa. Linakwenda Chake na kufuli yake.

Tukalifuata kwa miguu hadi konani.
Mtaa mzima umetoka, watoto na vikoi vya kulalia,
muuza urojo ameacha sufuria motoni.
Mimi nimesimama pale pale pangu,
kushoto, karibu na nguzo ya umeme.
Pii. Pii. Pii.
Tela likajikunja taratibu
kama mtu apitaye baina ya wanaosali.
Kati ya chuma na ukuta
palibaki nafasi ya kupitisha daftari.

Nikapiga. Kofi moja. Simama.
Bati likalia kidogo, baridi.
Vioo vimefungwa, ndani kuna kiyoyozi.
Idarusi hakusikia, na hata angesikia
hakufundishwa lugha ile.

Bi Mize katoka, kanga kiunoni, kalamu sikioni.
Akapapasa ukuta kwa tochi, chini hadi juu,
akarudi tena chini.
Chokaa haikudondoka hata punje.
Nilidhani atashukuru.
"Hawa," akasema, "hata hodi hawapigi?"
Akaingia ndani na kukomea.

Bedfodi iko Mtambile, kuku wanataga kwenye usukani.
Ule ubao niliununua elfu kumi,
sasa ndio mlango wetu wa jikoni.
Mke wangu akija na masinia mikono miwili
huupiga kwa kisigino: mara mbili.
Hajui anachosema.
Nami, popote nilipokaa,
natafuta viatu.