Saumu ya Megara

Waathene wamekuja, mara ya pili, shambani,
Vitunguu mojamoja, wang'oa vyote, jamani!
Mume wangu yuangoja, ngao yake ukutani,
Wasparta waleta hoja: "Subirini, tu njiani."

Nao marafiki wetu, hatimaye wakafika,
Mikuki mitatu tatu, mlangoni wakaweka,
Kilichosalia chetu, kwa chumvi wakakipika,
Wakasema: "Enyi watu, mbona mnanung'unika?"

Usiku, ngao kwa ngao, zikalizana langoni.
Kulipokucha, wenzao, walishawaacha chini:

Majeruhi, ni wawili, wamelala kwenye damu,
Huyu adui wa kweli, yule mwenzi wa kudumu.
Sikuwajulia hali, niliwanywesha kwa zamu,
Na pumzi zao mbili, zanuka yangu saumu.