Punje

Kikombo, mwezi wa nane. Vumbi jekundu
linapiga bati la kituo cha kupoza umeme
kama mtu anayedai deni.
Ndani, mabomba manene yamelala,
yameshiba gesi isiyo na rangi wala harufu.

Sechelela Chedego amevua saa, amevua pete.
"Kinga radi mmezitenga?"
Tumezitenga.
"Transfoma za kupimia?"
Tayari.
"Na ng'ambo ya ile swichi?"

Hapo ndipo tulipotazamana.
Ng'ambo kulikuwa na umeme hai,
unalisha wodi ya wazazi na mashine za kusaga.
"Swichi iko wazi," akasema meneja, "nafasi inatosha.
Wageni wanakuja Ijumaa."

Akachukua chaki, akapiga magoti,
akachora wimbi sakafuni: likaenda,
likakuta mwisho wa njia, pasipo pa kutokea,
likarudi na kimo maradufu.
"Cheche ikizuka humu,
haitauliza nani alikuwa akipimwa."
Meneja aliitazama chaki muda mrefu.
Tukazimiwa ng'ambo, saa tisa usiku, kwa saa mbili tu.

Tukapandisha. Kilovolti mia na arobaini.
Mia mbili arobaini na tano.
Bado mia tatu na themanini, kilele chetu.
Akabandika kisikilizio tumboni mwa bomba,
akafumba macho, kisha akaniita. Mimi, sijui kwa nini mimi.
Nikavaa spika zake masikioni:
punje ya uwele juu ya ungo,
ta, tata,
ta.
"Shusheni," akasema,
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

Siku nzima tulinyonya gesi.
Tukafungua. Chini kabisa,
ukucha wa alumini, mwembamba kama kope.

Chumba kile nilikifunga mimi.
Jumatano, hema la plastiki likipepesuka,
njaa ikinitafuna, nikapangusa mara moja
palipoandikwa mara tatu.

Hakuuliza nani.
Aliukunja ule ukucha kwenye karatasi ya daftari,
akaniwekea kitambaa kipya mkononi.
Ijumaa wageni waliambiwa wasubiri.

Siku hizi mke wangu akipepeta uwele
hajui kwa nini namshika mkono,
nasikiliza
mpaka punje ya mwisho itulie.