Kanda ya Tatu

Nilizinunua kwa yuro nne, mitumbani Nurmes,
kanda saba ndani ya kasha la viatu vya mtoto.
Februari, theluji imefika vitasani,
na muuzaji, Bi Tyyne, akaniongezea bure
kijiko cha supu kilichopinda.

Juu yake, kwa penseli: Sikio la Ukoga.
Moyo ukanipiga pa!
Hao nawajua. Ninazo santuri zao tatu, za baadaye,
zilizooshwa Helsinki zikang'aa,
kila uzi umesimama peke yake
kama mwanafunzi siku ya ukaguzi.
Hizi zilikuwa kabla ya sabuni.

Nikapangusa kinasa sauti cha marehemu kaka,
nikabonyeza.
Kwanza mvumo: chumvi ikimwagwa juu ya bati,
ikimwagwa, haiishi.
Kisha jokofu. Naapa, jokofu,
likinguruma kwa sauti moja,
nao, wajanja wale, wamelifuata,
wamekaza nyuzi za kantele, zeze lao la magotini,
hadi zikakubaliana nalo.
Mtu anapiga debe la mafuta ya trekta.
Debe tupu haliachi kuvuma, hutusimanga wakubwa;
basi hili lilivuma, likavuma kweli,
mpaka paka wangu akahama chumba.

Kanda ya pili: msichana anaimba kichwa ndani ya ndoo,
habari za samaki aliyemeza kengele ya kanisa,
au kengele iliyomeza samaki;
kwa sauti chakavu namna ile, yote mawili ni kweli.
Mlango unagongwa. Mama mtu anaita:
viazi vinapoa!
Hakuna aliyesimama. Wimbo ukala viazi.
Ubeti wa nne nikasikia uma zikigusa sahani,
na mmoja anaitikia mdomo umejaa.
Nilicheka peke yangu, saa nane usiku, kama mwehu.

Kanda ya tatu haikuwa yao.
Yaani juu ilikuwa yao, chini ya mwingine.
Walikuwa wamerekodi juu ya mzee.
Kila wimbo ukiisha, kabla mwingine haujashika,
anachomoza, sekunde mbili, tatu:
"...nyuki walikuwa bado hawajaamka..."
"...Aune akanivua viatu, akanipa soksi zake..."
kikohozi,
"...barafu ikatuhimili, tukavuka sote, ila..."
na hapo debe linaanguka, filimbi inapiga yowe.
Kizuri hakikosi ila, husema watu.
Ila hii nimeitafuta kanda nzima, pande zote mbili,
sikuiona.

Nilimpata Tarmo, yule wa debe.
Siku hizi anaendesha gari la manispaa la kufagia theluji,
ana goti bovu, ana miwani miwili shingoni.
Alikataa kahawa, akakaa na koti lake.
Nilikuwa na maswali ya kujaza daftari:
ndoo ilikuwa ya nani, nani aliwaza jokofu,
je, mlijua mnachofanya?
"Tulikuwa na miaka kumi na saba," akasema.
"Kanda zilikuwa ghali. Droo ya babu ilikuwa wazi."

Nikamwekea.
Wimbo wa kwanza ukapita, hakutikisa kidole,
yeye aliyeupiga.
Wa pili ukapita.
Kisha kikohozi.

Akanyoosha mkono, akarudisha nyuma mwenyewe,
ile kelele ya panya wadogo wakikimbia darini,
akabonyeza. Kikohozi.
Akarudisha.
Kikohozi.
Nje gari lake lilikuwa linanguruma,
taa ya njano ikizunguka kutani mwangu,
na barabara yote ya Lieksa imefukiwa, inamngoja.
Akarudisha.
Mara ya sita ndipo alipovua koti.