Juu ya Sauti ya Mjomba

Kaseti ilifika Ruwi ndani ya soksi,
sandukuni mwa Khalfan, chini ya achari iliyovuja,
na mpaka leo nikisikia besi nzito
mdomo wangu unajaa ndimu.

Jina halikusomeka. Achari ilikwisha kulamba wino,
ikabakisha "...wa Keko" na nusu ya namba ya simu.
Khalfan akasema: sikiliza, usiulize.

Nilikuwa na miaka kumi na minne.
Kiswahili kilikuwa cha kuulizia chumvi
na kumsengenya jirani wa ghorofa ya pili;
tulikivua mlangoni, pamoja na ndara.
Skuli, Abla Nadia aliisahihisha 'ain yangu
mbele ya wasichana thelathini na sita, mara tatu,
nami nikajifunza kusema kidogo.

Halafu mchana mmoja, saa nane,
kiyoyozi cha dirishani kikikohoa,
nje lami ya barabara ya Honda imelainika kama halua,
kijana asiye na salamu wala dua
akaanza:

*Sina cheo, nina kinywa,
na kinywa hakilipi kodi.*

Nikazima. Nikatazama mlango.
Sikujua kwamba lugha ya kuombea chumvi
inaweza kusimama hivyo, mikono mifukoni,
ikamkazia macho mwenye nyumba.
Nikawasha tena.

Maneno mengine yalinipita. Nilimuuliza Khalfan;
naye hakuyajua, akabuni.
Mwaka mzima nilidhani *mshiko*
ni kushikwa mkono na mtu anayekupenda.

Mama mdogo Zuwena alikuwa kwenye cherehani,
magauni kumi na mawili ya harusi ya Bausher,
shanga mdomoni.
Mguu wake ukakanyaga, ukasita, ukakanyaga.
"Mizani mbovu," akasema. "Hapa nane, hapa tisa,
hiyo ya tisa kaimeza."
Akamaliza mshono mzima.
"Lakini vina anavijua, mwizi huyu.
Hebu rudisha."

Nikarudisha kwa kalamu, kuokoa betri.

Siku ya nne tukafika mwisho wa upande wa pili.
Ngoma ikakatika katikati ya neno,
mchakato wa utepe,
jogoo,
kisha mtu akikohoa kwa adabu:

*...basi fedha msilete tena, mimi sasa sijambo,
na mwambieni Zuwena kile kitambaa...*

Kach.

Ilikuwa barua. Mjomba Mbarouk wa Wete
alikaa na redio yake akazungumza dakika sitini,
akamkabidhi Khalfan atuletee.
Khalfan akalala Dar siku tatu akingoja ndege,
akasikia muziki huo kwa rafiki,
hakuwa na pesa ya kaseti tupu.

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga.
Tulimpigia simu mjomba, dakika mbili, kwa zamu.
Mama mdogo akamuuliza: kitambaa gani?
Mjomba akacheka: "Si nimeshasema kwenye kaseti?
Hukusikiliza?"
Akasema: "Nimesikiliza. Nimeisikia yote."

Masika yalipokwisha, simu ikaja kutoka upande wa pili.

Baada ya hapo, kila alhamisi usiku,
alitaka upande wa B tangu mwanzo.
Sikuruhusiwa kukimbiza utepe.
Kwa sekunde kumi na moja za kaka yake
alimsikiliza kijana wa Keko nusu saa,
matusi yake, polisi wake, njaa yake,
akimsahihisha mizani kwa mguu,
mpaka siku moja hakumsahihisha tena.

Utepe ulimezwa na redio mwaka uliofuata.
Nilijaribu kuuvuta, ukatoka kama matumbo ya samaki.

Sasa tuko Al Khoudh, nyumba kubwa, sakafu baridi,
na mimi nafundisha, kwa 'ain kamili.
Juzi mteja alipomkatia bei ya gauni,
mwanamke wa miaka sabini na moja
alitoa shanga mdomoni, akasema
sina cheo, nina kinywa,
akaipitia ya tisa kama ilivyomezwa,
akanyamaza, kichwa ameinamisha,
kama anayengoja jogoo.